Ubavu wa Mjomba Mbaruku

Paukwa.

Pakawa.

Wameitika watatu. Wengine midomo imejaa mahindi. Tafuneni, mmeze, kisha muitike kama watu waliolelewa. Paukwa.

Pakawa.

Hapo sawa. Zamani za kale hizo, wanyama walipokuwa na midomo ya kusema na hawana haya ya kuitumia, palikuwa na kundi la nguchiro. Nguchiro mnamjua. Kimnyama kirefu, vimiguu vifupi, mistari mgongoni kama aliyelalia mkeka mbovu. Hatembei peke yake. Anatembea na ukoo mzima, na ukoo mzima unasema njia nzima. Krr, krr, nipo hapa. Krr, krr, nami nipo. Ukinyamaza, unatafutwa.

Hawa walikaa ndani ya kichuguu kikubwa, pembeni mwa shamba la mihogo lililoachwa na wenyewe. Mkubwa wao alikuwa Bibi Mize. Meno yalikuwa yamemwisha, ulimi haujaisha.

Na walikuwa na mila yao. Mtoto wa nguchiro hafuatani na mama yake. Mama ana mambo yake. Siku watoto wanapotolewa shimoni mara ya kwanza wanaachwa pale mlangoni, na kila mmoja anachagua mwenyewe mkubwa wa kumwandama. Akishampata, anamshika ubavu. Huyo ndiye mlezi wake. Atamchimbulia, atamtafunia, na kila asubuhi atampaka shavu ili wanuke harufu moja. Mtoto mwingine akisogea ubavu ule, aliyeushika kwanza anamng'ata. Wala halaumiwi. Ubavu ni ubavu.

Siwema alishika ubavu wa Mjomba Mbaruku.

Mjomba Mbaruku hakuwa mzuri wa sura. Sikio moja limechanika, mkia umekonda, na maneno kwake ni ya kuvuta kwa kamba. Lakini kwa jongoo hakuwa na mfano wake. Jongoo ana maji machungu ya njano, ukimla hivihivi tumbo litakusema. Mjomba alimtoa chini ya gogo, akamgaragaza mchangani, fiku, fiku, fiku, akanusa, akamgaragaza tena, fiku, fiku, mpaka uchungu wote umebaki kwenye mchanga. Ndipo akamsukumia Siwema. Kila siku ndivyo ilivyokuwa. Siwema ubavu wa kushoto, Mjomba anachimba, Siwema anakula. Asubuhi anapakwa shavu, kwanza huku, halafu huku.

Siwema akakua. Meno yakajipanga. Akajua kuchimba. Hata jongoo akajua kumgaragaza, ila hakumwonyesha mtu. Ya nini? Wa kumgaragazia yupo.

Na hakuna aliyemwambia kwamba ubavu una mwisho. Wakubwa walijua. Kila mkubwa alidhani mkubwa mwenziwe amekwisha sema. Ndivyo walivyo wakubwa.

Ikaja mvua. Ardhi ikalainika, jongoo wakatoka kwa wingi, na asubuhi moja watoto wapya wakatolewa mlangoni. Vitu vidogo, vichwa vikubwa, macho yanaogopa jua. Mmoja akamwandama huyu, mmoja akamwandama yule. Akabaki mmoja, mdogo kuliko wote, jina lake Kidawa. Akanusa huku, akanusa kule. Akaanguka, akainuka. Akaenda mbio, tipu tipu tipu, moja kwa moja mpaka ubavuni kwa Mjomba Mbaruku.

Ubavu wa kushoto.

Siwema akamng'ata sikio. Ni haki yake, au siyo? Kidawa akapiga ukelele. Siwema akangoja Mjomba amfukuze yule mgeni.

Mjomba akamtazama Siwema. Akasema, "Mwache. Wewe mkubwa sasa."

Basi. Hayo tu. Akainama, akampaka Kidawa shavu, kwanza huku, halafu huku, akashika njia.

Siwema akabaki kasimama. Mkubwa tangu lini? Jana usiku alilala kifuani pa Mjomba ni mdogo. Asubuhi kaamka ni mkubwa. Kakua saa ngapi? Akajitazama miguu. Miguu ileile. Akajitazama mkia. Mkia uleule. Kilichobadilika ni ule ubavu tu, na ubavuni ananing'inia kile kitu chenye kichwa kikubwa.

Sasa wivu wa mtoto mnaujua. Hauna adabu wala haulali. Siwema akawa hana kazi ila kutazama. Mjomba akitoa panzi, Siwema anatazama panzi anaingia mdomo gani. Mjomba akigeuka kushoto, Siwema anaona amegeuka polepole, ili yule asianguke. Mimi alinigeukia polepole lini? Mjomba akimgaragaza jongoo, fiku, fiku, fiku, Siwema anahesabu kila fiku na kuona wa Kidawa amesuguliwa zaidi ya alivyosuguliwa wake zamani. Roho inamuuma kama iliyoingia mchanga. Akishikwa na njaa, jongoo wamejaa chini ya pua yake, hachimbi. Hakumtaka jongoo. Alimtaka jongoo wa Kidawa.

Palikuwa na nguchiro wa rika lake, Chande, mdomo hauna mlango. Akampitia, akasema, "Siwema, umekonda. Au mpaka leo unangoja kutafuniwa?"

"Nenda zako."

"Mimi mlezi wangu kaniacha juzi. Nililia kidogo nyuma ya kichuguu, halafu nikala. Mbona rahisi."

"Wewe mlezi wako alikuwa hajui kitu. Hata kumkosa si hasara."

"Haya, mwenye hasara," akasema Chande, akaenda zake anacheka.

Siwema akaanza vituko. Kidawa akipita, anamkanyaga mkia. Kidawa akipewa panzi, anampokonya, anamtema, hamli. Kidawa akilala, anamlalia juu. Na kila mara Mjomba ni lilelile, "Mwache mwenzio, wewe mkubwa." Hilo neno mkubwa Siwema alilichukia kuliko maji ya jongoo.

Tena Kidawa mwenyewe alikuwa hana akili ya kuchukia. Anakanyagwa mkia, analia, halafu anamfuata Siwema nyuma na kumnusa. Siwema akizidi kumfukuza, yeye anazidi kurudi. Kichefuchefu.

Kidawa alikuwa na kilio chake. Kila mtoto wa nguchiro ana chake, na mlezi anakijua hata akiwa mbali. Akibaki nyuma kwenye majani, anaimba hivi, nanyi muitikie:

Nyii-nyii, Mjomba wee,
tumbo langu jepesi,
nyii-nyii, Mjomba wee,
miguu yangu haifiki.

Mjomba akisikia, hata awe anachimba dhahabu, anaacha. Anakuja mbio na kitu mdomoni.

Siwema akausikiliza wimbo ule asubuhi, akausikiliza mchana. Siku moja, majani marefu, Kidawa amesinzia chini ya mhogo, Siwema akajibanza kichakani. Akaikunja shingo. Akaipunguza sauti, akaipunguza tena, mpaka ikawa nyembamba kama uzi.

Nyii-nyii, Mjomba wee,
tumbo langu jepesi.

Akasikia vishindo. Mjomba huyo. Majani yakatikisika, akaingiza mdomo bila kutazama, akatupa panzi mnene, akarudi kazini kwake.

Siwema akamla panzi yule. Wenzangu, hajapata kula panzi mtamu vile. Hakuwa panzi tena. Alikuwa Mjomba ameacha kazi, amekuja mbio, kwa ajili yake. Hata kama hakujua ni yeye.

Kesho akaimba tena. Akaletewa yai la kwale. Keshokutwa akaimba, akaletewa jongoo, amegaragazwa mpaka ameng'aa. Siwema akanawiri. Kidawa akaanza kusinyaa, maana Mjomba ana miguu minne tu, na akishapeleka chakula anajua amelisha. Mtoto akiimba mara ya pili, Mjomba anasema, "Huyu mtoto ana tumbo au ana pango?"

Bibi Mize ndiye aliyegundua. Mzee yule hakuwa na meno lakini pua anayo. Akapita karibu na kichaka, akasikia nyii-nyii, akanusa, harufu si ya kichanga. Akaingiza mkono, akamvuta Siwema kwa mkia mpaka njiani, na panzi bado yumo mdomoni, miguu inaning'inia nje.

"Njooni mwone," akasema Bibi Mize. "Jitu zima lenye ndevu. Linalia nyii."

Kundi likacheka. Chande akacheka mpaka akakaa. Wakaimba wote, nyii-nyii, Mjomba wee, wakaviringika chini. Kidawa naye akacheka, hajui kinachochekwa. Siwema akatazama mtu mmoja tu. Mjomba Mbaruku hakucheka. Ingekuwa afadhali acheke.

Mjomba akasema, "Nimekimbia siku zote hizi na magoti yangu haya. Basi. Kilio hicho sikijibu tena. Mwenye njaa aje nimwone usoni."

"Na kile kidogo je?" Bibi Mize akauliza. "Kikikwama mahali, uso kitauleta vipi?"

"Kitazoea."

"Mbaruku, hasira zako umzibie masikio mtoto asiye na kosa?"

"Nimesema, Bibi."

Bibi Mize akatikisa kichwa, akamwacha. Mwanamume aliyefanywa mjinga mbele za watu huwezi kumwambia kitu mpaka apoe.

Siwema akawa wa kutembea nyuma. Hakuna krr, hakuna nipo hapa. Mtu akimwita, hajibu. Alikuwa amenuna mnuno wa kweli, ule wa kutaka watu waone umenuna, na watu hawaoni. Moyoni anasema, yote sababu yake yule. Asingetoka shimoni, nisingelia. Nisingelia, nisingechekwa. Ningekuwa ubavuni pangu. Ukimsikiliza, ungedhani Kidawa ndiye aliyemweka kichakani.

Siku moja kundi likavuka shamba la mihogo likaelekea kwenye korongo. Siwema nyuma kabisa, ndani ya majani marefu. Akaona mbele yake Kidawa ameachwa. Amekonda, miguu inapishana. Chini ya mti ulioanguka palikuwa na mizizi imesukana, na kati ya mizizi pana tundu, na mdomoni mwa tundu jongoo anaingia, mwekundu, mnene. Njaa haina macho. Kidawa akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akasukuma, akasukuma, jongoo kaingia ndani, yeye kamfuata, mizizi ikamkaba kiuno. Mbele haendi. Nyuma harudi. Kimkia tu kipo nje, kinapiga huku na huku.

Nyii-nyii, Mjomba wee,
tumbo langu jepesi.

Siwema akasimama majanini. Akasikia kule mbele vishindo vya Mjomba vimesita. Akaliona sikio lake lililochanika limesimama juu ya nyasi. Kisha akamsikia akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Siwema huyo." Vishindo vikaendelea. Pata, pata, pata, vinakwenda.

Sasa sikilizeni vizuri. Siwema hakutakiwa kupigana na mtu wala kubeba kitu. Alitakiwa kutoka majanini. Aonekane tu. Mjomba akimwona uso, mdomo wake umefumba, na kilio kinasikika kule, atajua mwenyewe ni cha nani. Hatua chache zile, basi.

Hakutoka.

Alikaa chini. Moyo wake ulimdunda, na si wa huzuni, msidanganyike. Alifurahi. Akawaza: Mjomba anatembea peke yake. Ubavu wa kushoto uko wazi. Jioni atageuka, hakuna mtu. Atanitazama. Ataniita.

Nyii-nyii, Mjomba wee,
miguu yangu haifiki.

Vishindo havikusita tena.

Kidawa akalia, akalia. Siwema akakaa, akakaa. Akang'oa jani, akalitafuna. Jani halina ladha. Akalitema, akang'oa jingine.

Kisha Kidawa akanyamaza. Halafu akaanza upya, na safari hii wimbo umegeuka.

Nyii-nyii, Siwema wee,
kiuno changu kimekabwa,
nyii-nyii, Siwema wee.

Siwema akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Hakuna mtu aliyepata kumlilia yeye. Kilio kile alikijua chote, ameking'arisha, amekiiba, lakini siku zote jina la ndani lilikuwa la mwingine. Akakasirika. "Ananiitia nini mimi?" akasema peke yake. "Mimi nimempa nini? Nimemkanyaga mkia. Aite anaompenda."

Nyii-nyii, Siwema wee.

Hapo upepo ukageuka, ukamletea harufu. Harufu ya matope, ya mayai yaliyooza. Kenge. Akanyanyua shingo akamwona, kenge mzee mrefu kama gogo, anatokea korongoni. Hana haraka. Ulimi unatoka, unaingia, lep, lep. Akafika kwenye mizizi, akatulia, akautazama ule mkia mdogo unavyopiga.

"Mtoto wa nani wewe?" kenge akauliza.

"Wa Mjomba Mbaruku," sauti ikajibu kutoka tunduni.

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Haji," akasema kenge. "Nilikuwa korongoni tangu ulipoanza, namsikiliza asivyokuja."

Akanyoosha mguu, akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru, kwaru.

Siwema akainuka. Akataka kulia, na kilio pekee kilichomjia ni kile kile, nyii-nyii, na akajua papo hapo kwamba akikilia hakuna atakayekuja. Amekwisha kukiharibu. Kikiimbwa na yeye, kikiimbwa na mwenyewe Kidawa, ni kimoja. Hakibaki kitu cha kufanya ila kupeleka uso.

Akatoka. Akakimbia. Majani yalimchapa, hakuyaona. Akapita nyayo za kundi, akapita mhogo, akapita jiwe, akamkuta Mjomba anainuka na jongoo mdomoni. Akasimama mbele yake, kifua kinapanda na kushuka.

"Si mimi," akasema.

Mjomba akamtazama. Nyuma yao, kwa mbali, kilio kilisikika, kidogo, kama mbu. Mdomo wa Siwema ulikuwa umefumba.

Jongoo akaanguka.

Mjomba akatoa mlio ule ambao nguchiro hutoa mara chache, na kundi zima likageuka. Wakakimbia. Walipofika karibu na mizizi wakabanana, bega kwa bega, mgongo kwa mgongo, manyoya yamesimama, wakainuka kwa miguu ya nyuma na kuguna kwa pamoja. Si nguchiro tena. Ni mnyama mmoja mkubwa, mwenye mistari, mwenye meno mengi. Rrrr. Mnyama yule akasogea. Siwema alikuwa ndani yake, hajui amesimama kati ya nani na nani.

Kenge alikuwa na ncha ya mkia wa Kidawa kinywani. Akautazama ule umati.

"Nilidhani hana wenyewe," akasema.

"Ana wenyewe," Bibi Mize akajibu.

"Mbona alikuwa analia peke yake?"

Wakamrukia. Chande akapata mguu, Mjomba akapata koo, na Bibi Mize asiye na meno akamkalia pua. Kenge akajipapatua, akawapiga kwa mkia, pwaa, akajitupa korongoni, chubwi, na ile ncha ya mkia akaenda nayo. Mpaka leo kama hajaila atakuwa ameihifadhi.

Wakachimba mizizi, wakamtoa Kidawa. Hai. Mkia umepungua, kiuno kimechubuka, na mdomoni, mtasema naongopa, amemshika jongoo wake.

"Hujamgaragaza huyo," Bibi Mize akamwambia. "Tema."

Akatema.

Kisha Bibi Mize akageuka. Hakupandisha sauti. "Siwema. Alilia kwa muda gani kabla hujaja?"

Siwema akatazama chini. Angeweza kudanganya. Alikuwa peke yake majanini, nani amemwona?

"Muda mrefu," akasema.

"Ulikuwa wapi?"

"Palepale."

Kundi likanyamaza. Hakuna krr. Nguchiro wakinyamaza, mjue ni jambo.

Bibi Mize akamgeukia Mjomba. "Nawe Mbaruku, ulisikia kwa muda gani?"

Mjomba akajikuna sikio lililochanika. Akajikuna tena.

"Muda huohuo," akasema.

"Basi mmoja alikaa na mwingine alitembea," akasema Bibi Mize. "Sijui nani kati yenu amzome mwenziwe. Twendeni, jua hilo linatuacha."

Hakuna aliyempongeza Siwema kwa kukimbia, wala aliyemchapa kwa kukaa. Njia nzima alingoja kimojawapo. Kimojawapo kingemfaa. Mjomba akatembea karibu naye, si ubavuni, karibu tu, na baada ya kitambo akasema maneno mengi kuliko yote aliyopata kumwambia.

"Mlezi wangu aliponiacha," akasema, "alinipeleka kwenye gogo, akaniambia, leo umgaragaze wewe nami nikutazame. Akanitazama mpaka nikamaliza. Ndivyo inavyotakiwa. Mimi wewe sikukutazama."

Siwema akapiga hatua mbili tatu. Halafu akasema, "Najua kumgaragaza."

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Na ulikuwa unanichimbisha?"

Mjomba akatoa sauti puani. Wanaomjua walisema ndicho kicheko chake.

Kulipokucha, kundi likatoka mlangoni. Kidawa akatoka wa mwisho, anachechemea na kimkia chake kipya. Mjomba akasimama, akamgeuzia ubavu wa kushoto, akangoja. Kidawa akamnusa Mjomba. Akampita. Akaja tipu, tipu, tipu, mpaka kwa Siwema, akajibandika ubavuni.

"Ondoka," akasema Siwema.

Kidawa akatulia tuli.

"Mlezi wako yule pale. Mimi nilikukalia majanini unalia, umesikia? Nilikusikia, nikakaa."

"Halafu ukaja," akasema Kidawa.

Siwema akasogea kulia. Kidawa akasogea kulia. Siwema akakimbia. Kidawa akakimbia, akaanguka, akalia, Siwema akalazimika kusimama. Chande akapita, akasema, "Hongera, mama mzaa chema," akakwepa teke.

Mchana Siwema akamchimbua jongoo. Ana njaa mwenyewe. Akamgaragaza, fiku, fiku, fiku, na ubavuni anasikia nyii, nyii, nyii, pumzi ya moto, kichwa kikubwa kinamsukuma kiwiko. Akamtazama jongoo. Akamtazama yule. Akamkata jongoo, akajipa kipande kikubwa, akamtupia mwenziwe kipande kidogo, bila kumtazama usoni. Kidawa akakila kama amepewa ng'ombe.

Siku zikaenda hivyo. Kipande kikubwa, kipande kidogo. Baadaye vipande vikalingana, Siwema mwenyewe hajui vililingana lini. Asubuhi akimpaka shavu, kwanza huku, halafu huku, haraka haraka, kama mtu anayejifuta.

Kisha siku moja Mjomba Mbaruku akapata yai la kanga, kubwa, zima. Akalishika kwa mikono ya mbele, akaligeuzia mgongo jiwe, akalirusha nyuma kati ya miguu likaligonga, pwaa. Ute ukatiririka. Mjomba akaita, "Kidawa." Kidawa akachomoka ubavuni kwa Siwema kama mshale, akaenda kwa Mjomba, akazamisha uso wote, mkia wake mfupi unacheza kwa furaha. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Siwema akabaki kasimama. Ubavu wake ulipata baridi ya ghafla. Roho ikaanza kumuuma palepale ilipomuuma zamani, kama iliyoingia mchanga.

"Kidawa," akaita. "Njoo hapa. Huyo anakulisha kwa mikono michafu."

Bibi Mize alikuwa amejilaza juani. Akafungua jicho moja, akamwona, akalifumba.

Sasa niseme wazi, maana wengine masikio mmeyavaa kama hereni. Kuona wivu si dhambi, mtoto. Wivu utakuja, na ukiondoka utarudi na sura nyingine. Lakini usiazime kilio cha mwenzio ukapate chako, maana siku anapokihitaji atakikuta hakifanyi kazi. Na mwenzio akilia kweli nawe umesikia, toka majanini uonekane, hata kama humpendi. Kumpenda kutajijua kwenyewe. Nanyi wakubwa, msiinamishe vichwa, nawaona. Mtoto hawi mkubwa kwa sababu mwingine amezaliwa. Mwambieni mapema, na mkimtoa ubavuni, mtazameni akimaliza jongoo wake wa kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua chini, anayeitaka aibebe, na aliyekula mahindi akatupe magunzi.